Fundi wa Breki Aliyejua

Neno lake lilikuwa "najua." Ukifika gerejini kwake ukafungua mdomo kueleza gari lako lina nini, hata hujamaliza kusema "jana nilipokuwa," yeye alishalala chini ya gari na sauti inatokea huko huko: "Najua." Wengine walichukia. Wengine, hasa wenye haraka, waliona huyo ndiye fundi hasa, asiyengoja kufundishwa. Mimi nilikuwa nimepanga nyumba nyuma ya gereji yake, hapa Sofia, mtaa wa Voi, ukuta kwa ukuta, na neno hilo nililisikia kutwa mpaka nikalizoea kama watu wa Voi wanavyozoea honi ya treni.

Naanza na neno hilo kwa sababu alijulikana nalo kabla hajajulikana kwa jambo jingine. Hata leo, alipokwisha kuzikwa, ukiuliza mjini nani alimuua mama yangu, wako watakaokujibu bila kupepesa macho kwamba ni fundi wa breki wa Sofia. Niliwahi kuambiwa hivyo sokoni na mwanamke aliyekuwa akinipimia maharagwe, asijue mimi ni nani. Nilimlipa nikaondoka. Kwa miaka kadhaa mimi mwenyewe niliamini hivyo, na bado nilimsalimia kila asubuhi nikienda kazini, maana jirani ni jirani, na hasira ya kila siku inachosha.

Alikuwa mtu mfupi, mpana mabegani, anayetembea kama anasukuma kitu. Kikamba alikisema akiwa na hasira au akiimba nyimbo za kanisa, na vyote viwili vilitokea kila siku. Kazi yake ilikuwa breki tu. Ukimletea injini inayotoa moshi alikuelekeza kwa mwenzake ng'ambo ya barabara. "Injini itakupeleka kwa watu," alisema, "lakini breki ndiyo itakurudisha kwako." Alikuwa na misemo kama hiyo mingi, na alipoona umecheka aliirudia mpaka ukajuta kucheka.

Hakuvumilia mtu kucheza na breki. Siku moja alikuja dereva wa lori kutoka Salaita, amebeba ndizi, anataka kufika Mombasa kabla hazijaiva. Fundi alitazama gurudumu moja la nyuma, akanyoosha mkono, akachomoa ufunguo wa lori na kuutia ndani ya birika lake la chai. Dereva alitukana, akapiga simu kwa tajiri wake, akarudi kutukana. Fundi alilala chini ya lori akafanya kazi yake huku akiimba. Alipomaliza alimwaga chai, akautoa ufunguo na kuufuta kwenye suruali. "Sasa nenda," alimwambia. "Hata ndizi zikiiva njiani, utafika nazo." Yule dereva alikuja kuwa mteja wake wa miaka.

Huyo huyo aliyeficha ufunguo wa mtu birikani alikuwa na baiskeli isiyo na breki hata moja. Waya zilikatika zamani akaziondoa. Akitaka kusimama alikandamiza akala yake, kile kiatu cha mpira wa tairi, kwenye gurudumu la mbele, mlio ukasikika mpaka barabarani, na soli ya mguu wa kulia ilikuwa imelika upande. Nilikuwa nikimtania. "Fundi, kweli mji mzima umekosa mtu wa kukutengenezea breki?"

"Wa baiskeli hakuna hapa Voi," alinijibu, na hakutabasamu.

Jambo la pili lilikuwa la kushangaza zaidi. Alitengeneza breki za magari yanayopanda na kushuka Taita nzima, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda milimani. Aliitwa harusini Wundanyi hakwenda. Aliitwa mazishini Chawia, kwa mteja aliyempenda sana, akatuma mchango na salamu. Alisema baridi ya kule inambana kifua. Mama yangu alisema huo ni uongo mtupu, mtu yule anaogopa kutazama bonde. Breki zote alizijaribu huku chini kwenye tambarare, anaendesha mpaka penye mashamba ya mkonge, anakanyaga, anarudi. Zikisimama hapo, kwake zimesimama popote.

Na lile neno lake lilikuwa limeshamwaibisha, kama angekuwa mtu wa kuaibika. Mwalimu mmoja wa kike wa shule ya upili alileta gari lisiloshika breki vizuri. Kila alipotaka kueleza, "najua." Fundi alifungua magurudumu yote, akasugua, akatoa hewa kwenye paipu, akabadilisha mafuta ya breki, jua likazunguka. Jioni mama wa watu alipoingia garini aliinama, akavuta zulia lililokuwa limejikunja chini ya pedeli, akamwonyesha. "Ndiyo nilikuwa nataka kukuambia," alisema. Gereji nzima ilicheka. Fundi alilichukua lile zulia, akalikunguta vumbi, akalirudisha mahali pake, akasema, "Najua."

Mtu pekee aliyemweza kwa neno hilo alikuwa mama yangu.

Wazazi wangu walikaa Mghange, juu kabisa, kwenye shamba la kabichi na viazi. Baba alikuwa mwalimu, akastaafu, na watu wote pamoja na Fundi walimwita Mwalimu. Alikuwa na gari la zamani la Kiingereza, rangi ya maziwa, alilolinunua kwa meneja wa mashamba ya mkonge nilipokuwa shule ya msingi. Mbele lilikuwa na taa za duara, na viti vyake vilikuwa vya ngozi iliyopasuka, Mama akaviwekea vitambaa. Lilikuwa mtoto wetu wa mwisho. Nikiwa mdogo nililipenda zaidi wakati wa kushuka. Kule kwetu kila dereva alifanya hivyo, na Baba naye: barabara ikianza kuinama chini ya Wundanyi, anazima gari ili kuokoa mafuta, na tunateremka hivyo hivyo kona baada ya kona, hakuna kelele, unasikia upepo tu na watu wakiongea mashambani. Lilipofika chini karibu na Mwatate aliliwasha tena. Ule ukimya ndio ninaokumbuka nikifikiria utoto wangu.

Breki za gari hilo zilikuwa za nguvu ya mguu. Ulitakiwa kuzisimamia kwa uzito wako wote. Baba alipoanza kuumwa goti, kila kona ikawa maombi. Mama alikuja na kapu la kabichi gerejini, akamkuta Fundi chini ya gari, akaanza: "Fundi, nimekuja kwa habari ya ile gari ya Mwalimu."

"Najua."

"Haya. Kama unajua, hebu niambie nataka kusema nini."

Niliona miguu ya Fundi ikitulia. Halafu alijiburuta akatoka, akajifuta mikono, akamwangalia. "Sema, mama."

"Nimechoka kumsaidia kukanyaga. Nikikaa hapo kando, na mimi nakanyaga sakafu mpaka mguu unaniuma. Hakuna dawa ya hiyo breki?"

Fundi alicheka kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza nikaona ana pengo. Kutoka siku hiyo Mama alimletea kabichi kila aliposhuka sokoni, na Fundi alimwacha amalize sentensi zake zote. Nimejiuliza mara nyingi ingekuwaje kama Mama ndiye angekuwa dereva.

Dawa ilikuwa kufunga busta. Hicho ni kidude cha duara kama sufuria iliyofunikwa, kinachokaa nyuma ya pedeli na kuusaidia mguu, kwa hiyo unagusa tu na gari linasimama. Magari ya siku hizi yote yanacho. La Baba halikuwa nacho, wala halikuwa na mahali pa kukiweka. Fundi alikitoa kwenye gari la Kijapani lililopata ajali, akakata vyuma, akachomelea, akafupisha mkono wa pedeli, akavuta mpira kutoka kwenye injini mpaka kwenye busta. Mafundi wengine walikuja kutazama. Kazi ilipokwisha Baba alitembeza gari barabarani akarudi anacheka kama kijana. "Ni kama kukanyaga mkate," alisema. Fundi alivimba kichwa wiki nzima. Mgema alisifiwa, na mimi ndiye niliyekaa nyuma ya ukuta nikisikiliza akijisifu.

Haikuchukua muda Baba akarudi. Pedeli inakaza, alisema. Si kila siku na si kila mahali. Ni kule tu, kwenye kona. Unakanyaga vizuri mara ya kwanza, halafu inakuwa ngumu.

"Fundi, mimi nikifika pale juu huwa," Baba alianza.

"Najua. Mpira unavuta hewa."

Akaupaka mpira povu la sabuni atafute mahali panapovuja. Hapavuji. Akaubadilisha hata hivyo. Baba akapanda nyumbani, akashuka, akarudi: bado. Fundi akabadilisha kile kivalvu kidogo kinachozuia hewa isirudi. Bado. Akapima fimbo ya busta, akaikata kidogo, akairefusha tena. Akatoa hewa kwenye paipu zote. Akatafuta busta nyingine. Nilimwona dirishani kwangu akifanya kipimo chake kila mara: anazima gari, anakanyaga pedeli tena na tena mpaka inakuwa ngumu kabisa, anaiwekea mguu, halafu anawasha. Injini ikinguruma, pedeli inashuka yenyewe chini ya mguu wake. "Umeona?" alimwambia Baba. "Inafanya kazi." Baba alikuwa ameketi juu ya tairi, gazeti mkononi, anatikisa kichwa kukubali. Halafu Fundi analipeleka mkongeni, anakanyaga, linasimama pale pale, analirudisha.

Mama alimwomba apande nao mara moja tu akaone mwenyewe. Alikataa. Kifua, alisema. Milima ni yenu, mimi nitaitengeneza hapa hapa.

Wakati wa mvua za vuli, asubuhi, Baba na Mama walikuwa wakishuka na kabichi. Chini ya Wundanyi pedeli ikakaza. Baba aliwaambia polisi alikanyaga mpaka goti likalia, pedeli ilikuwa jiwe. Waliikosa kona wakagonga ukingo wa mwamba kwa upande wa Mama. Watu waliokuwa shambani walifika mbio, wakakuta kabichi zimetapakaa barabara nzima na Baba akimwita Mama kwa jina lake la usichana. Mama alikuwa ameshakufa. Baba alivunjika nyonga.

Sitaandika mengi kuhusu mazishi. Nilichoona ni kwamba Fundi alipanda milimani siku hiyo. Alikaa nyuma kabisa, karibu na ua, kofia mkononi, anatokwa jasho kwenye baridi ile. Mjomba wangu alimfuata akamwambia mbele ya watu, "Umekuja kutazama kazi yako?" Fundi alisema, "Niwieni radhi." Akasimama, akaondoka kwa miguu kuelekea Wundanyi. Baba aliletwa kwa gari la hospitali na alikuwa amelala kwenye machela, uso umeelekea kaburi. Aliyasikia yote mawili.

Biashara ilikufa pole pole. Lori za Salaita ziliacha kuja. Waliobaki ni wageni wa barabara kuu wasiojua habari zake. Mtu alikwaruza neno "muuaji" kwenye lango, na yeye hakupaka rangi juu yake, akaliacha, nasi majirani tukajifunza kutolitazama. Gari la Baba, lile bonge la chuma lililobaki, lilikaa kituo cha polisi mpaka wakachoka nalo. Fundi aliliomba. Alilivuta mpaka nyuma ya gereji, chini ya mgunga, mkabala na dirisha langu, akalifunika turubai. Nilimchukia kwa hilo kuliko kwa jambo jingine lolote. Niliona ni ukatili kuniamsha kila siku na kitu kile, na nilimwambia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Pole, jirani," na turubai likabaki pale pale. Ningeweza kuhama. Sikuhama, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndicho kitu cha mwisho Mama alichokalia.

Aliacha kusema "najua." Sikugundua mara moja, nilijua tu kuna kelele fulani imepungua. Badala yake akawa na swali. Mteja akija, hata mwenye gari jipya, hata wa tambarare, Fundi alimkalisha kwanza na kumwuliza, "Unashukaje?" Watu walishangaa. Kushuka wapi? "Popote. Ukishuka mteremko, unafanya nini? Mkono uko wapi? Mguu uko wapi?" Akangoja jibu lote. Mjini wakasema ameanza kuchanganyikiwa, kwamba damu ya mtu haikuachi hivi hivi. Nami nilisema hivyo hivyo.

Kisha kikaja kikohozi. Maisha yake yote alipuliza vumbi la breki kwa mdomo. Alikuwa akitania kwamba huo ndio unga wa fundi. Daktari hakutania. Lango likafungwa, akalala chumba cha nyuma ya gereji, na mke wake akaja kutoka mashambani kumtunza.

Nilikwenda kumwona siku moja nilipotoka kazini, jua likiwa bado kali. Mke wake aliniwekea kiti akatoka nje kuanika nguo. Kitanda kilikuwa dirishani. Kutoka pale alikuwa akiliona lile turubai kama mimi nilivyoliona kutoka upande wangu.

"Jirani," alisema.

"Fundi. Unaendeleaje?"

"Si unaona. Hewa imeingia kwa paipu." Alijaribu kucheka ikawa kikohozi. Alipotulia aliuliza, "Mwalimu bado anaendesha?"

"Aendeshe na nyonga gani? Mimi ndiye namleta kliniki na gari yangu."

"Mnashukaje?"

Nilijua lazima aniulize. Nikamjibu kama unavyomjibu mgonjwa, ili apate raha. "Naweka gia ya pili nashuka pole pole. Hata ningetaka kufanya vingine, Baba hawezi kukubali. Tukifika tu pale juu anaweka mkono kwa ufunguo. 'Usizime,' ananiambia. Kila safari. Utafikiri mimi ni dereva wa lori."

Fundi alijiinua kidogo kwa kiwiko.

"Anaweka mkono kwa ufunguo?"

"Ndio."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kumbeba. Tangu atoke hospitali."

Aligeuza kichwa akatazama turubai. "Basi anajua," alisema.

Sikumwelewa, na alilazimika kunieleza, akipumzika katikati ya maneno. Busta inakula pumzi ya injini, alisema. Injini ikiwaka, pumzi ipo. Ukizima, inabaki ya kukanyaga mara moja, pengine mbili, halafu pedeli ni jiwe. Zile breki za zamani hazikujali kama gari imewashwa au imezimwa, zilitaka mguu tu. Baba alizima gari pale juu miaka yote na halikumdhuru. Hizi mpya hazikutaka hivyo.

"Nilifungua kila kitu," alisema, akionyesha turubai kwa kidevu. "Busta nzima. Mpira mzima. Nikafunga ile busta kwa gari ingine, ikashika. Nikakaa nayo hapo siku nyingi nikiuliza, sasa nini? Halafu akaja dereva mmoja wa Mghange. Nikamuuliza, huko kwenu mnashukaje? Akanicheka. 'Si tunazima, Fundi. Mafuta ni ya nani?'"

Nilikumbuka ule ukimya wa utotoni, upepo na sauti za mashambani.

"Na hukusema," nilimwambia. "Watu wanakuita muuaji. Wameandika kwa lango."

"Ningesema aje? Niende nimwambie Mwalimu, mzee, si mimi, ni mkono wako? Amezika bibi yake akiwa amelala kwa machela. Nikaona wacha nibebe, mimi niko na mabega." Alikohoa. "Na si uongo wote. Kuzima gari ndio kipimo changu mwenyewe. Nilijua ikizimwa haina nguvu. Sikumwambia, nilifikiri kila mtu anajua. Na yeye ile siku alitaka kuniambia. Alianza, 'Mimi nikifika pale juu huwa.' Nikamkata."

Nilianza kulia. Hakunibembeleza. Alikuwa akitazama nje, na uso wake ukaanza kubadilika. Ile hasira yake ya zamani, ya kuficha ufunguo birikani, ilikuwa inarudi.

"Nilibeba nikijua hajui," alisema. "Kumbe miaka yote hii anajua. Alisikia wakinitukana na anajua." Akatafuta pumzi. "Mwambie aje. Aje aniambie kwa mdomo wake, nikiwa bado na masikio."

Jumamosi nilipanda Mghange. Baba alikuwa ameketi barazani amejifunika blanketi, gongo limeegemea ukuta. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama. Hakuniuliza busta ni nini wala pumzi ni nini. Hakukana. Aliuliza swali moja tu: "Bado akili zake ziko sawa?"

"Ziko sawa."

"Kesho tutashuka."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na sijawahi kumwona baba yangu akikosa kanisa akiwa mzima. Alivaa koti lake la kanisani. Tulipita Wundanyi kengele zikilia. Barabara ilipoanza kuinama nilingoja mkono wake uje kwenye ufunguo. Haukuja. Aliiweka mikono yote miwili magotini.

"Nilimwona mara nyingi," alisema, akitazama mbele. "Anazima, anakanyaga mpaka inakaza. Nilikuwa pale, nimekalia tairi, nasoma gazeti. Nilikuja kufikiria jambo hilo hospitalini, usiku na mchana. Kabla ya mazishi nilikuwa nimeshajua."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Nilisema nitasema nikipata nafuu. Kisha nikasema nitasema kesho. Halafu watu walikuwa wameshasema wao."

Nilitaka kumtukana baba yangu. Ndivyo nilivyohisi, na sioni sababu ya kuficha. Niliikaza mikono kwenye usukani, nikaweka gia ya pili, tukapita pale penye mwamba bila kutazamana.

Mke wa Fundi alitufungulia. Alipomwona nani amekuja, alichukua kile kiti nilichokalia mimi juzi yake akatoka nacho nje. Baba alibaki amesimama katikati ya chumba, ameegemea gongo, nyonga inamtetemesha. Fundi alikuwa amefumba macho. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka kwa sauti ya msasa.

"Fundi," Baba aliita.

Macho hayakufunguka. Baba aliniangalia, nami nikatazama pembeni. Hakuna aliyeweza kumsaidia hapo.

"Fundi, nimekuja kukuambia. Mimi ndiye nilizima gari. Breki zako zilikuwa nzima."

Tulingoja kwa muda mrefu. Nilidhani amelala, au hakusikia, na kwamba itabidi mzee ayarudie maneno yale yote upya. Kisha midomo yake ikasogea.

"Najua," alisema Fundi, akageukia ukuta.